Saini ya Redio ya Arubaini

Redio thalathini na tisa zilikuwa na wenyewe. Ya arubaini, daftarini ina namba, ina tarehe ya kutolewa, lakini pale panapoandikwa jina la aliyeipokea peupe pe. Mwatum Borafya, mkaguzi, alikuwa keshachoshwa na weupe ule tangu Jumatatu.

Siku nne! Siku nne yumo kwenye ghala lile la Mji Mkongwe, kuta zimeota ukungu, anakagua mradi wa serikali wa kuwapa askari redio mpya za upepo za kuitania, na kila akiuliza anapigwa chenga. Mkuu wa mradi kaenda Nungwi. Fundi kaenda Paje, kwenye mnara mpya unaokoroma tu badala ya kupeleka sauti. Kabaki Mzee Machano, mtunza ghala, miezi miwili tu astaafu, na harufu ya ubani inayomchefua Mwatum.

"Mzee wangu, hapa tena pa kufukiza ubani?"

"Mie sijafukiza kitu, mwanangu."

Alhamisi adhuhuri uvumilivu ukamwisha. Akalipiga daftari kofi.

"Nshachoka! Redio hii iko wapi?"

Machano akanyoosha kidole juu ya rafu. Ipo. Ndani ya boksi lake, haina hata betri.

"Sasa kapewa nani?"

Mzee akasogea, akanong'ona. "Mwenye pahala. Pale Paje ulipojengwa mnara pana mwenyewe. Redio zote zikawa bubu. Mganga akasema mwenyewe huyo anataka yake, na anataka kiti, mtu wa kumpanda kichwani. Atakayetia jina hapo ndiye. Ndiyo maana hapana jina."

"Lahaula! Niandike kwenye ripoti jini kapewa redio ya serikali?"

"Andika mie nimeipoteza. Wanifukuze, na kiinua mgongo wachukue. Pale paache peupe, nakuomba."

Hapo Mwatum akapanda hasira zaidi, maana alimwonea huruma. Miaka thelathini ya kazi mtu aitupe kwa upuuzi kama huu? Hata kidogo.

"Naichukua mie, kwa ukaguzi. Ukale kiinua mgongo chako kwa raha." Akatia jina, akasaini.

Mkono wa Machano wa kumzuia ulifika wino ushakauka.

Ubani ukajaa ghalani mpaka macho yakawasha. Nje, mchana ule wa jua la utosi, kelele za uchochoroni zikakatika ghafla. Redio isiyo na betri ikawaka taa ndani ya boksi lake, na zile nyengine mezani, zilizorudishwa kwa ububu, zikaitikia moja baada ya moja, Paje ikasikika safi, Nungwi ikasikika safi, askari waliozoea kukoromewa wakawa wanapiga kelele kwa furaha, "Tunakupata! Tunakupata vizuri!", na Mwatum alitaka kucheka, wallahi alitaka kumcheka mzee yule aliyejibanza ukutani, ila kicheko hakikutoka kwa sababu sauti zote zile zilinyamaza kwa pamoja na ikabaki moja, laini, isiyo na haraka, inamwita kutoka juu ya rafu.

"Mwatum."

Jina limo daftarini, alijiambia, mtu kalisoma.

"Mwatum mwana wa Shemsa."

Daftarini aliandika jina lake na la baba yake. Mama yake alikufa yeye yungali mdogo, na ghalani mle hakuna aliyemjua. Kwa jina la mama huitwa mtu uganga unapomkusudia. Hilo alilijua tangu utoto.

"Usiitike," Machano alinong'ona, machozi yanamtoka. "Mwanangu, usiitike."

Mwatum akaiuma midomo yake, akaiuma mpaka akaonja damu. Na midomo imefumbwa vile vile, akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye boksi, ya adabu, kama alivyofunzwa na mama yake:

"Naam."