Behewa la Mwisho

Rafiki yangu fundi makochi si mtu wa porojo, ndiyo maana haya nayasimulia.

Binti yake alipofariki, alijifungia chumba cha nyuma akaunda treni ya hadithi aliyokuwa akimsimulia kila usiku: dereva ni kobe anayeogopa mwendo kasi, konduta ni mbuzi anayekula tiketi. Alivichonga vyote, pamoja na stesheni ndogo, kwa mabaki ya mbao. Behewa la mwisho lilibaki wazi kama pengo la jino, akampakia humo panya wa mbao na begi lake.

Alisahau sharti la binti yake. Mtoto hakukubali hadithi ianze kabla hajasema, "Baba, behewa la mwisho ni langu. Asikae mtu."

Jioni alipoimaliza akafunga chumba kwa kufuli, akatoka kununua betri, maana treni ilikuwa haijawekewa hata moja. Mkewe, ambaye zamani alimwita kwa jina la mtoto, siku hizi alimwita "wewe" tu.

"Wewe, mvua hiyo."

"Narudi sasa hivi."

Alirudi akakuta umeme umekatika. Kabla hajafungua kufuli, akasikia magurudumu gizani, kacha-kacha, kacha-kacha, taratibu, mwendo wa kobe. Yakasimama.

"Nani?"

Akafungua kufuli.

Akaingia, akawasha tochi ya simu. Pakiti ya betri ilikuwa mkononi mwake, haijafunguliwa. Panya alikuwa amesimama stesheni, begi kando yake, kama abiria aliyeshushwa kwa heshima. Fundi akagusa kiti cha behewa la mwisho.

Kilikuwa na joto.