Bibi Harusi wa Siku ya Mkataba

"Angalia mwenyewe! Huyu si mchumba wako?"

Dada mtu alimsogezea Fundi simu mpaka puani. Ilikuwa asubuhi ya harusi, na Fundi alikuwa bado kifua wazi, suti inaning'inia mlangoni. Kwenye picha, Ticha alikuwa anashuka kwenye gari jeusi mbele ya hoteli kubwa ya mjini, mzee mwenye mvi kamshikia mlango.

"Imepigwa lini hii?"

"Jana. Rafiki yangu yuko mapokezi pale. Anasema wiki nzima wanaingia pamoja, wanapanda ghorofa ya juu, wanashinda huko huko. Na wewe uko hapa unang'arisha viatu!"

Fundi alikuwa mtengeneza friji. Ticha alifundisha lugha za kigeni chuoni. Walikutana siku Fundi alipoitwa kwenye kantini ya chuo, Ticha akamkuta anaibembeleza friji iwake, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo hawakufichana kitu. Ila mwezi huu wa mwisho Ticha alikuwa mzito wa maneno, na simu yake ilikuwa haipatikani kila mara.

Fundi akapiga. Kwa bahati, ikapokelewa.

"Mpenzi, sina muda."

"Yule mzee wa hotelini ni nani?"

Ticha akashusha sauti.

"Ni kweli nilikuwa pale. Hata sasa niko pale."

"Leo? Siku ya ndoa yetu?"

"Ni kazi. Nimekula kiapo, siwezi kusema zaidi. Na nitachelewa. Nakuomba, usivunje harusi."

"Ticha, mimi ni mumeo mtarajiwa. Mimi nisijue?"

"Sijakusaliti. Hilo ndilo ninaloweza kukwambia. Kuna watu nimewapa neno langu. Nikilivunja kwao, wewe utaliamini vipi nyumbani?"

Simu ikakatwa. Ukaingia ujumbe: "Nakuja. Hata kwa miguu, nakuja." Baada ya hapo simu ikazimwa kabisa.

Ndoa ilikuwa saa nane. Saa kumi ilikuta ukumbi umejaa, maua yamelegea, mshereheshaji kaishiwa utani. Msajili wa ndoa alikuwa anapiga miayo kwa adabu, kiganja mdomoni. Minong'ono ilikuwa inatambaa meza hadi meza.

"Mwanangu," mama yake akamwambia kwa sauti ya chini, "watu wananicheka. Mdogo wako yuko mpakani vitani, kila simu ikilia moyo unanipasuka. Na leo niongezewe aibu hii? Imalize."

Kabla hajajibu, dada yake alishashika kipaza sauti.

"Ndugu waalikwa, kwa masikitiko makubwa..."

"Dada, nakuheshimu, lakini hebu lete hicho."

Akakichukua. Fundi akawageukia waalikwa.

"Jamani, harusi ipo. Bibi harusi yuko kazini."

"Kazi gani siku ya harusi?" mtu akapayuka kutoka nyuma, watu wakacheka.

"Sijui. Lakini kasema anakuja, na mimi namwamini. Aliyechoka, chakula kipo, ale aende zake, sitamnunia. Mimi nabaki hapa hapa."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya watu wote, kidevu juu.

Hapo ndipo mhudumu mmoja alipopiga kelele kutoka pembeni, penye televisheni.

"Ongezeni sauti! Rais wa nchi jirani yuko hapa nchini!"

Hakuna aliyeamini. Nchi mbili zilizopigana miaka na miaka, mpaka umefungwa, balozi zimefungwa, leo marais wao wanaingia ukumbi mmoja? Lakini walikuwa wao. Bendera mbili, meza moja, kalamu mbili. Na katikati ya marais wale alisimama mwanamke mwenye suti ya kijivu, nywele zimesukwa na kupachikwa maua meupe madogo.

"Mama," dada mtu akasema. "Zile ni nywele za bibi harusi. Nilimpeleka saluni mimi mwenyewe."

Yule mzee mwenye mvi naye alikuwepo, ameketi mwisho wa meza. Mtangazaji akamtaja: msuluhishi mkuu wa mazungumzo ya siri.

Rais wa jirani akaweka hotuba yake pembeni, akasema kwa lugha ya kwao, polepole, macho chini. Ukumbi wote ukasikia sauti ya Ticha:

"Anasema: 'Nimezika vijana wengi mno. Sikuja hapa kushinda. Nimekuja ili waliobaki warudi kwa mama zao.'"

Kwenye "mama zao" sauti ilimkatika kidogo. Akaendelea, imara. Wino ukagusa karatasi.

Fundi alikuwa amesimama bila kujijua. "Ndiye huyo," alikuwa anasema, anamshika begani kila aliye karibu. "Mke wangu ndiye huyo!"

Simu ya mama ikalia. Alikuwa kitindamimba wake.

"Mama! Tumeambiwa tushushe silaha! Wale wa upande wa pili wanatupungia mikono! Narudi nyumbani, Mama!"

Mama akakaa chini sakafuni na gauni lake jipya.

"Mama, unalia?"

"Nyamaza kwanza," mama akasema, "namwangalia mkwe wangu."

Jua lilikuwa linazama Ticha alipoingia na suti yake ile ile ya kijivu, viatu mkononi, mzee mwenye mvi nyuma yake.

"Mama, nisamehe, nimechelewa," akasema, anapiga magoti.

Mama akamwinua kabla magoti hayajagusa chini.

"Umechelewa wapi? Umewahi, mwanangu. Umewahi kabisa."

Dada mtu akasogea, macho mekundu. "Wifi, mimi leo nimekusema vibaya."

"Ningekuwa wewe ningesema zaidi," Ticha akajibu, akamkumbatia.

Kisha akamgeukia Fundi.

"Ungenidokeza hata kidogo tu," Fundi akasema.

"Ningekudokeza, ungekuwa umejua. Wewe uliniamini bila kujua. Sasa mimi nina la kujivunia kukuzidi."

Msajili akakohoa. "Tuendelee, au kuna nchi nyingine mnataka kuipatanisha kwanza?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na ndoa ikafungwa huku mitaani watu wakipiga honi.

Siku hizi tarehe ile ni sikukuu ya taifa. Kila mwaka redio husoma majina ya marais wawili, na mama huisikiliza mpaka mwisho, kisha humwambia yeyote aliye karibu:

"Hawajamaliza kusema. Ndiyo siku mwanangu alipooa."