Kwato Zilizopanda Mlimani

Ng'ombe wa Mama Verdiane alikutwa amekufa Jumanne asubuhi nyuma ya zizi lake, pale Nyamitaba, na kabla umande haujakauka nusu ya Masisi ilikuwa imeshamwona. Docteur Hubert, daktari wa mifugo mwenye wafuasi wengi kuliko wagonjwa, alikuwa amemtundika Facebook: mzoga, uso wake mwenyewe wenye huzuni ya kupangwa, na maneno machache. "Sumu. Jirani anajulikana. Nilifika amekwisha kufa."

Jirani ni Sebarenzi, mkulima wa maharage. Saa nne vijana wa kijiji walimpa hadi jioni ahame kilima alikozikwa babu yake.

Inspekta wa mifugo Noëlla alifika saa tano kwa pikipiki kutoka Kitchanga. Kuwa na taaluma moja na Hubert kulimkera kama kokoto ndani ya buti. Picha ya mnyama wa mteja bila ruhusa, hukumu bila uchunguzi! Na yeye alitumia simu kazini, kuuliza wenzake na kuonya wafugaji juu ya magonjwa. Hakuitumia kama kioo.

Alimkuta Sebarenzi akifunga godoro kwa kamba.

"Papa, ile ngombe iliingia mu shamba yako?"

"Jana muchana. Ilikula majani ya maharage mpaka tumbo ikavimba. Nilikasirika, nikasema itakufa. Njo kosa yangu yote, Docteur."

"Na dawa ya wadudu?"

"Kopo iko pale. Haiyafunguliwa."

Kweli, kopo lilikuwa limezibwa vilevile lilivyotoka dukani. Noëlla akaenda zizini, akavaa glavu, akampasua ng'ombe mbele ya Mama Verdiane. Tumboni hakukuta dalili ya sumu. Alipokata mapafu, yalichuruzika mafuta ya kupikia. Mafuta hunyweshwa ng'ombe aliyejaa gesi, lakini njia yake ni tumbo. Mapafuni hayana shughuli; huingia huko mnyama akizuiwa kumeza.

"Mama, nani aliinywesha mafuta?"

"Sijue, dada. Nililala Burungu ku matanga. Samy njo alibakia nayo."

Samy, mchungaji mwenye ndevu za mvi, aliangalia vidole vya miguu yake. Noëlla alimshuku mara moja: amejaribu tiba, ameua, sasa amenyamaza jirani afukuzwe. Lakini kwato za mzoga zilikuwa na udongo mwekundu, na zizini udongo ni mweusi. Akafuata nyayo. Zilitoka zizini, zikapanda mteremko mkali hadi kileleni. Za kushuka zilikuwa zinayumba.

"Kaka Samy, kule juu iko majani?"

"Hapana."

"Iko maji?"

"Hapana, Docteur."

"Sasa ngombe mugonjwa, tumbo imevimba, ilipanda kutafuta nini?"

Samy akaelekeza fimbo kileleni. "Kule juu njo iko réseau ya simu."

Noëlla alicheka kwa hasira mpaka Mama Verdiane akashtuka. Mengine yalimtoka Samy bila kuvutwa. "Nilimwita Docteur Hubert, akakuja mbele ya giza. Alisema tupande, atafanya live ku Facebook. Akaniambia ninyanyue kichwa ya ngombe juu kabisa na nishike ulimi, ili sura yake yeye ionekane muzuri. Ngombe ikakohoa. Akasema, 'Endelea, batu banaangalia!' Ilipokufa alifuta video. Eti nikisema, ni miye niliua."

Walimkuta Hubert kileleni, akichana nywele mbele ya simu. Watu walikuwa wamewafuata, wale vijana wakiwa mbele, Sebarenzi nyuma.

"Ulisema ulikuta ngombe imekufa," Noëlla alimwambia. "Mafuta iliingia mu mapafu namna gani?"

"Sebarenzi alimimina! Mi sikuigusa. Iko video?"

Mmoja wa vijana akatoa simu kwa aibu. Aliirekodi ile live kwa sababu yeye mwenyewe alionekana nyuma akipunga mkono. Alikuwa amemwona Hubert akimimina, kwa macho yake mawili. Ila Facebook ilisema sumu, naye, kama wengine walioiangalia, akaiamini Facebook.

Video ilipokwisha, Hubert alishusha sauti. "Consœur, siye ni ba kazi moja, tumalize kati yetu. Batu elfu nane bananifuata. Ningesema nimeua ngombe, nani angeniita tena?"

"Kwa hiyo ukauza jirani yangu," alisema Mama Verdiane. "Ngombe yangu ilikuwa inakufa, na wewe ukaipandisha mulima ili sura yako ionekane!"

Noëlla akamrudishia kijana simu yake, akamgeukia Hubert. "Faili yako itaenda ku polisi na ku wakubwa wa kazi yetu. Lakini uongo ulitokea hapa, na ukweli utatokea hapa. Réseau iko. Sema."

Sebarenzi hakungoja kusikiliza. Alishuka kwenda kufungua godoro lake. Hubert akawasha kamera, akageuka kutafuta upande wenye mwanga mzuri, na kabla ya kukiri akanyoosha kola.