Bibi Arusi wa Dosye ya Pili

Kama kuna kitu Kamikazi alizaliwa nacho, ni kinyaa. Kikombe alichonywea mwingine hanywei, na nzi akitua kwenye samaki, samaki huyo kwake ni wa mbwa. Sasa mtu wa namna hiyo mapenzi yatamkuta wapi? Yalimkuta katikati ya soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, watu wamejaa, kwenye kibanda cha chai. Kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi, begi la kompyuta mgongoni, alikuwa akinyanyua kikombe ambacho mzee mmoja alikuwa ametoka kukitemea makapi. Kamikazi akashindwa kunyamaza.

"We, ile kikombe haijaoshwa."

Kijana akakitazama kikombe, kisha akamtazama yeye na kitenge chake cha njano kisicho na mkunjo hata mmoja. Akamnyooshea kile kikombe.

"Basi unioshee, mama. Kuanzia leo nitakunywa tu kwa kikombe yenye we umeosha."

Huyo ndiye Wilondja, Mbembe, mtoto wa watu wa Fizi, Kongo, fundi wa kurasa za mtandaoni. Maneno alikuwa nayo, na Kamikazi, pamoja na kinyaa chake chote, kikombe alikiosha. Simu zikafuata kila jioni, chérie huku, chérie kule, mpaka posa ikaletwa na vitenge viwili. Mjomba Rurangwa, aliyemlea Kamikazi, alikuwa akisema Mnyarwanda na Mbembe wapi na wapi, lakini mwishowe alikubali kwa shingo upande.

Wilondja akaanza kutengeneza ukurasa wa mwaliko wa arusi yao. Picha ya Kamikazi aliyoiweka ilimfanya mwenyewe akunje pua, uso mzima unang'aa mafuta kama andazi. Akampigia simu aitoe siku hiyohiyo, inamchefua. Wilondja akaitoa.

Jumapili, ibada ilipokwisha, wazee wa pande zote mbili waliizunguka kompyuta kwenye benchi la kanisa. Ukurasa ukafunguka: maua, tarehe, Wilondja na suti yake. Na pembeni yake mwanamke mwingine kabisa, mabega wazi, midomo myekundu, na chini yake maandishi: Kamikazi, mpenzi wangu.

Wilondja aliifunga kompyuta kwa pupa, na pupa hiyo ndiyo iliyommaliza. Mjomba alitema mate chini, humohumo kanisani, akaamuru vitenge virudishwe. Kamikazi alijipangusa midomo kwa kiganja. Yeye, asiyenywea kikombe cha mtu, kumbe siku zote hizi alikuwa akinywea cha mwingine!

Mwanakwaya mmoja alimtambua yule wa pichani: Raissa, mwenye saluni Area 36, Lilongwe. Kesho yake Kamikazi akavitia vitenge kwenye mfuko, akaenda amtupie huyo Raissa, maana bwana ni wake. Njia nzima simu ya Wilondja ililia, naye akawa anaitazama kama unavyotazama mende.

Saluni yenyewe ilimtia kinyaa. Nywele za watu zimelala sakafuni pamoja na maganda ya muhogo, dawa inanuka hadi machozi. Alisimama kwa ncha za vidole. Ukutani akaiona picha ileile ya midomo myekundu, na pembeni yake ya mwanaume mnene anayecheka. Mwanaume huyo alikuwa mlangoni, anaziba pancha ya baiskeli yake ya kabaza, ya kubebea abiria.

"Huyo njo Hubert, bwana yangu," Raissa alisema, akimsogezea kiti. Kamikazi alipomtaja Wilondja, akasimulia kwamba mwaliko wa arusi yao, mwaka jana, fundi alikuwa huyohuyo.

Kamikazi hakukaa. Alitoka na mfuko wake, na simu ilipolia tena akaipokea.

"Chérie, usikate," Wilondja alisema. "Wakati bado natengeneza, mashini inatafuta picha kwa dosye yetu, ile folda ya arusi yetu. Ikikosa, inaenda kwa dosye ya pili. Na kule njo kuko kazi ya arusi ya Raissa, sababu nilikopa mipango ya ukurasa yake nijengee yetu. We ulisema nitoe picha yako, nikatoa. Mashini ikachukua yake."

"Kumbe mi nikikosekana, mwingine anaingia kwa nafasi yangu."

"Kwa mashini, ndiyo."

"Na kwa roho yako?"

Wilondja akamwomba apitie kwenye kile kibanda cha chai cha sokoni.

Alimkuta huko na shati la jana, jambo lililomuudhi tena. Wilondja hakujitetea. Mbele ya macho yake aliiondolea mashini njia ya kwenda kwenye dosye ya pili, akafungua ukurasa upya. Maua, tarehe, yeye na suti yake. Pembeni, mraba mtupu, mweupe, na chini yake maandishi yaleyale: Kamikazi, mpenzi wangu.

"Sasa ukikosekana, panabaki vile," alisema. "Hakuna mwenye anaingia."

Kamikazi aliutazama ule mraba muda mrefu. Mbele ya Wilondja palikuwa na chai iliyopoa, kikombe kina alama ya midomo ya mtu, na hakuwa amekigusa. Akakichukua, akamwaga chai, akakiosha taratibu, akamrudishia.

Wilondja akatoa simu ampige picha nyingine. Kamikazi akaisukuma chini, akavikumbatia vitenge vyake kifuani.

"Picha tutapiga kisha," alisema. "Beba mashini. Kwanza mjomba aone ile nafasi tupu."