Kilichomo Ndani ya Gitaa

Rafiki yangu alirithi gitaa la umeme la marehemu kaka yake, na Jumamosi alipaswa kulipiga kwenye ibada ya kumkumbuka. Sauti ya gitaa ilikuwa hafifu, basi akaenda dukani kutafuta pedali ya kuipandisha bila kuibadilisha. Alizikataa kadhaa.

"Hii inamfanya kaka awe mtu mwingine," alisema.

"Dada, una masikio ya popo," muuzaji akamtania, akaunganisha nyingine. "Hii haiongezi kitu. Inakuza kilichomo tu."

Akazima taa, maana ilikuwa inavumisha spika, na chumba cha majaribio hakikuwa na dirisha. Rafiki yangu akalilaza gitaa kitini, akakanyaga pedali asikie kama yenyewe ina mkwaruzo.

Spika ikalia ko, ko.

Kaka yake hakuwahi kuanza wimbo bila kuligonga gitaa mara mbili kwa pete yake. Walimzika nayo.

"Usiligonge kwanza, dada," muuzaji alisema gizani.

Rafiki yangu alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Spika ikalia tena, taratibu, ko, ko, kisha ikanyamaza kama mtu anayemsubiri mwenzake aanze.