Orofa Isiyo na Paa

Saa sita mchana, Colette akiwa anafua nguo uani, alisikia mtu akimwita kutoka juu.

"Colette!"

Aliinua kichwa, lakini hakuitika. Tangu serikali ilipokataza majina ya ubatizo, miaka mitatu nyuma, kila mtu alimwita Feza, hata mama yake mzazi. Na huko juu hakukuwa na mtu. Mafundi walikuwa wameng'oa mabati yote ya orofa, wakaacha vyumba wazi juani.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya mfanyabiashara Mreno, karibu na mto, katikati ya Kisangani. Kuta zilikuwa zimepasuka na ngazi za mbao zimeliwa na mchwa. Mreno aliponyang'anywa mali, nyumba ilipewa mkubwa mmoja aliyetaka kuibomoa ajenge hoteli. Familia tano zilizopanga chini ziliambiwa zihame. Zihamie wapi, hakuna aliyesema. Zikabaki.

Kisha mafundi wakakimbia. Walisema kuna kitu kinatembea kwenye vyumba visivyo na paa, kinanuka nywele zilizoungua, na kinawaita kwa majina ambayo mama zao tu ndio walioyajua. Mmoja wao aliitika. Wenzake walimbeba kwao, miguu imekufa. Tangu siku hiyo hakuna fundi aliyekubali kurudi, na wapangaji wakapumua.

"Ikikuita, nyamaza," aliwaonya Zacharie, karani wa posta, jirani yake Colette. "Ukinyamaza, haiwezi kukufanya kitu."

Walinyamaza majuma mawili. Lakini mama Odile, mama yake Colette, alikuwa mzee, na alasiri moja, akisinzia baada ya kula, alisikia jina lake kwa sauti ya marehemu mumewe. Akaitika kabla hajafikiri: "Niko!"

Hakuinuka tena. Alilala chali akihema kama mtu aliyewekewa gunia kifuani, na harufu ya nywele zilizoungua ikashuka ngazi, ikaingia chumbani, ikakaa kwenye shuka na kwenye maji ya kunywa na hata kwenye sufuria ya mboga ya pondu, na kila Colette alipomgeuza mama yake aliona godoro limebonyea upande wa pili, pale ambapo hakulala mtu, na alipopagusa palikuwa na joto.

"Nitaenda kumwita mwalimu Nassoro," Colette alimnong'oneza Zacharie mlangoni. Nassoro alikuwa Mwislamu wa Maniema aliyejulikana mjini kwa kutoa majini.

Zacharie akamshika mkono. "Usimulete. Nakuomba. Hii kitu ndiyo inatulinda. Ikitoka, kesho mafundi iko hapa. Mimi niko na watoto ine, Feza. Nitawalalisha wapi?"

"Na mama yangu?"

Zacharie akauachia mkono. Machozi yalimlengalenga.

Colette alivumilia siku tatu. Siku ya nne mama yake alishindwa kumeza maji, Colette akaenda kumwita mwalimu.

Mwalimu alikuja baada ya sala ya adhuhuri. Alifunga dirisha, akachoma ubani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Mama Odile akafumbua macho. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamume, na haikuwa na hasira.

"Nilikuwa hapa mbele ya Mureno kufika. Wamenitolea paa. Sasa na wewe unanifukuza. Niende wapi?"

"Toka," alisema Nassoro.

"Niende wapi?"

Mwalimu akaendelea kusoma huku jasho likimtiririka, na milango ya vyumba vyote vitano ikaanza kujigonga mmoja baada ya mwingine, na hatua nzito zikapita kati yao bila mwili, zikatoka kwenye korido, zikafika uani ambako watoto wa Zacharie walikuwa wamesimama wakishikana nguo, zikasita hapo kidogo, kisha zikapotea.

Mama Odile akaketi. "Njaa inaniuma," alisema.

Habari haikuchukua siku mbili kuenea. Mafundi walirudi na tingatinga, na ilipofika saa nane vitanda vyote vilikuwa barabarani. Hakuna aliyemtukana Colette. Zacharie alifunga masufuria yake kwa kamba, wala hakumtazama.

Colette alipata chumba kwa binamu yake, katika mtaa wa Mangobo. Mwezi ulipopita, Zacharie alisimama mlangoni, amekonda, kofia mkononi.

"Mwalimu iko wapi?"

"Alirudi kwao Kindu, tonton," alijibu Colette, akimwita mjomba kwa heshima. "Sijui atakuja tena siku gani."

Zacharie akatazama chini. "Tuko tunalala kwenye depo ya mizigo ya mutu, barabara ya Bangboka. Binti yangu mudogo, juzi, alikuwa anacheza. Alisikia anaitwa." Akazungusha kofia mkononi. "Ni mutoto, Feza. Aliitika."

Colette akasogea kando kumpisha.

Ndani, mama Odile alikuwa anakula fufu na samaki, akilamba vidole. "Nani iko pale?" aliuliza kwa sauti ya mtu mwenye afya. "Mwambie aingie, chakula iko."

Zacharie alichungulia ndani, akamtazama yule mzee.

"Anakula muzuri," alisema.

"Ndiyo, tonton."

Akavaa kofia yake, akashika njia ya kurudi.