Mistari Isiyopinda

Jumatatu moja ya Juni 2001, kabla ya kengele, mwalimu Umurerwa alifungua kabati la sayansi la shule yao pale Gihundwe, upande wa Rwanda mpakani na Kongo, akakuta amonoidi imebadilishwa. Ile ya kweli ilikuwa gamba lililogeuka jiwe, la mnyama wa bahari ya kale, jamaa wa pweza. Hii ilikuwa udongo uliochomwa na kupakwa majivu.

Direkta Kalisa, mkuu wa shule, hakungoja. "Ufunguo anao mlinzi. Munyemana ahame nyumba ya shule leo."

"Sikukamata kile kitu, Direkta," Munyemana alisema. "Batoto yangu batalala wapi?"

Umurerwa aliomba apewe mpaka saa sita.

Alianza na Nasiri, fundi aliyetengeneza kitasa Ijumaa. Nasiri alicheka. "Maman, jiwe nitalipika na majani ya sombe? Nilimaliza, nikamwachia Maman Joselyne ufunguo ampe mlinzi, nikaenda kusali."

Joselyne alifundisha ususi wa vikapu. Lakini ufunguo peke yake haukutosha kumhukumu mtu. Umurerwa alirudi kwenye ule udongo.

Umbo lilikuwa sawa: nene, kitovu chembamba. Akaugeuza. Kwenye gamba la kweli, kila mstari wa kukua uliwahi kuwa ukingo wa mdomo. Ulishuka ubavuni na, kwenye mzingo wa nje, ukapinda kurudi nyuma. Mpindo huo ndio uliomjulisha Umurerwa ukoo wa mnyama. Hapa mistari ililala mshazari, haikupinda popote. Aliyeufinyanga aliona ubavu wa lile la kweli tu, kupitia kioo. Munyemana, mwenye ufunguo miaka yote, angeweza kulitoa na kuligeuza.

Na kila mstari ulianzia ndani ya mzunguko wa chini, kama mshono wa agaseke, kikapu cha kusukwa chenye kifuniko.

Saa tano aliwaita Kalisa na Munyemana darasani kwa Joselyne, akaweka udongo kando ya kikapu ambacho Joselyne alikuwa akishona.

"Umbo umelipata, dada. Mistari umeishona."

Joselyne aliweka sindano chini. Akatoa jiwe kikapuni, limefungwa kitenge.

"Ndizeye, mume wangu, alivuka nalo mfukoni kutoka Bukavu, akalitoa kwa shule. Vita ikaanza tena, akarudi kumtafuta mama yake. Hata kaburi hakuna. Nilitaka kitu alichoshika."

"Asubuhi ulinisikia nikilia juu ya batoto," Munyemana alisema. "Ukanyamaza."

"Niliogopa kulipoteza tena."

Kalisa alinyoosha mkono. Joselyne hakumpa. Alipitisha kidole kwenye mstari wa mwisho, mdomoni.

"Hapo ndipo alipokomea kukua," Umurerwa alisema taratibu.

Joselyne aliinuka, akalishika jiwe kwa mikono miwili, akampa Munyemana.

"Lirudishe wewe, Papa. Ufunguo ni wako."